Hamisha Blogu Yako, Imiliki Mwenyewe: Mwongozo kwa Mwandishi wa Magomeni, Kilosa

Watanzania wengi waliojifunza kublogu katika miaka ya Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, au baada ya Issa Michuzi kuanza mwaka 2005, walianzia Blogspot au WordPress.com. Ilikuwa bure na haikuhitaji fundi. Kama nawe uko Magomeni, Kilosa, na blogu yako ina posti za mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, picha za stesheni ya zamani, habari za mashamba ya mkonge ya Kimamba au mashairi uliyoandika ukiwa kidato cha nne, basi umeshika kumbukumbu ambayo huenda haipo kwingine.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuitoa blogu hiyo kwenye jukwaa la bure na kuiweka kwenye tovuti tuli unayoisimamia mwenyewe. Ukikumbuka mambo mawili tu, yakumbuke haya: jina liwe lako, na faili ziwe kwako. Mahali tovuti inapohifadhiwa panaweza kubadilika kila mwaka bila msomaji kujua.

## Kwa nini uhame

Blogu ya bure ni nyumba ya kupanga bila mkataba: mwenye nyumba akiamua kuuza, unatoka. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009. Posterous ilifungwa Aprili 2013. Typepad ilifungwa tarehe 30 Septemba 2025. Na hata jukwaa likibaki hai, akaunti yako inaweza kupotea: sera ya Google iliyoanza kutekelezwa Desemba 2023 inairuhusu kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kutumiwa. Ukisahau nywila na laini uliyosajilia ilishafungwa, hakuna ofisi mjini Kilosa ya kwenda kulalamika.

## Kwa nini tovuti tuli

Tovuti ya kawaida ya WordPress huunda ukurasa pale msomaji anapoufungua: programu inaamka, inauliza hifadhidata, inapanga ukurasa, ndipo inautuma. Tovuti tuli huunda kurasa zote mara moja kwenye kompyuta yako, kisha seva inabaki na kazi ya kukabidhi faili tu. Faida zake ni hizi:

- Ni nyepesi. Ukurasa wa maandishi na picha moja iliyopunguzwa hautafuni bando la msomaji, na hufunguka hata pale mtandao unapolegea.
- Haina mlango wa kudukua. Hakuna hifadhidata wala ukurasa wa kuingilia wa kushambuliwa kwenye tovuti yenyewe.
- Inabebeka. Tovuti nzima ni folda. Inaingia kwenye flashi.
- Inaandikwa bila intaneti. Unaandika na kukagua ukiwa nje ya mtandao, kisha unawasha data dakika chache za kupakia.

> SUBIRI KWANZA KAMA…
> - Unaandika kwa simu pekee na huwezi kupata kompyuta hata mara moja kwa wiki.
> - Blogu ina waandishi kadhaa wanaoweka habari mara nyingi kwa siku.
> - Uhai wa blogu yako ni mjadala wa wasomaji chini ya posti. Tovuti tuli haina sehemu ya maoni mpaka uiunganishe na huduma nyingine.
>
> Ukiwa hapo, fanya hatua ya 1, ya 2 na ya 3 tu. Kuwa na nakala na jina lako ni nusu ya safari.

## Unachohitaji

1. Laptopu yoyote inayofanya kazi vizuri, hata ya mtumba, yenye Windows au Linux.
2. Bando la kutosha kupakua programu na picha zako za zamani. Bando la usiku hufaa kazi hii.
3. Barua pepe unayoimiliki mwenyewe, yenye ulinzi wa hatua mbili.
4. Njia ya kulipia mtandaoni. Wasajili wengi wa ndani hupokea malipo ya simu; kwa huduma za nje utahitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya pochi ya simu.
5. Flashi mbili.

## Hatua ya 1: Toa nakala ya kila kitu

Kwenye Blogger, fungua Mipangilio utafute kitufe cha kuhifadhi nakala ya maudhui. Kwenye WordPress.com, nenda sehemu ya zana, kisha ya kutoa maudhui. Utapata faili yenye posti, kurasa na maoni ya wasomaji.

Tahadhari: faili hiyo haina picha ndani yake. Ina anwani za picha tu. Mtu anayefuta blogu akidhani nakala imekamilika hupoteza picha zote. Usifute chochote mpaka umalize mwongozo huu, na hata ukimaliza, soma hatua ya 9.

Weka nakala hiyo kwenye flashi zote mbili kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 2: Orodhesha ulichonacho

Chukua daftari au karatasi ya hesabu kwenye kompyuta, uandike:

- jumla ya posti na kurasa;
- posti 20 zinazosomwa sana, pamoja na anwani zake kamili (angalia sehemu ya takwimu);
- posti zenye mashairi, majedwali, video au ramani, kwa kuwa hizi ndizo huharibika wakati wa kuhama;
- rasimu ambazo hukutaka zionekane.

## Hatua ya 3: Nunua jina la kikoa

Majina yanayoishia na .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na hununuliwa kwa wasajili walioidhinishwa. Kwa blogu ya mtu binafsi, .me.tz inafaa; .co.tz ni ya biashara na .or.tz ni ya taasisi zisizo za faida.

Kosa linalotokea sana: jina linasajiliwa kwa barua pepe ya fundi. Fundi akihama mji au mkikosana, jina ni lake. Hata kama unamlipa mtu akusaidie, barua pepe na namba ya simu ya mmiliki ziwe zako. Andika tarehe ya kulipia tena kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla.

## Hatua ya 4: Weka Hugo na uanzishe tovuti

Programu za kuunda tovuti tuli ni nyingi. Jekyll ilianza 2008, Hugo 2013. Mwongozo huu unatumia Hugo kwa kuwa ni faili moja ya programu na inaunda mamia ya kurasa kwa muda mfupi hata kwenye mashine ya zamani.

Pakua Hugo kutoka tovuti yake rasmi, kisha kwenye dirisha la amri andika:

```
hugo new site blogu
cd blogu
```

Fungua faili `hugo.toml` uweke:

```
baseURL = 'https://www.jinalako.me.tz/'
title = 'Jina la Blogu Yako'
languageCode = 'sw'
timeZone = 'Africa/Dar_es_Salaam'
```

Usiache mstari wa mwisho. Hugo haichapishi posti yenye tarehe ya baadaye, na bila kuambiwa saa za eneo huhesabu kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Posti uliyoiandika saa mbili asubuhi itagoma kuonekana mpaka saa tano, nawe utatafuta kosa pasipo na kosa.

Kisha chagua mwonekano kwenye orodha ya Hugo. Chagua ulio mwepesi, usio na picha kubwa za mapambo, na ujaribu unavyoonekana kwenye simu kabla ya kuupenda.

## Hatua ya 5: Badilisha posti ziwe Markdown

Markdown ni maandishi ya kawaida yenye alama chache: nyota kwa herufi nzito, alama ya reli kwa kichwa. Yatasomeka miaka 30 ijayo bila programu yoyote maalumu, na ndiyo sababu tunahamia huko.

Chombo cha blog2md, kinachoendeshwa na Node.js, husoma nakala za Blogger na za WordPress. Kwa Blogger:

```
node index.js b nakala.xml posti
```

Kwa WordPress, weka `w` badala ya `b`. Kikigoma kusoma faili yako, ukurasa wa Hugo unaohusu kuhama una orodha ya vyombo vingine. Kisha hamishia posti kwenye `content/posts`.

Sasa kagua kwa macho. Kwa blogu ya Kiswahili, mambo manne huleta shida:

1. Ng' kwenye kichwa. Kichwa kama `title: 'Ng'ombe wa Kimamba'` kitavunja ujenzi wa tovuti nzima, maana alama ya ng' inafunga nukuu kabla ya wakati. Tumia nukuu mbili: `title: "Ng'ombe wa Kimamba"`.
2. Mashairi. Markdown huunganisha mistari inayofuatana kuwa aya moja. Ubeti wa mistari minne unakuwa mstari mmoja mrefu. Weka mkwaju wa nyuma `\` mwishoni mwa kila mstari wa ubeti isipokuwa wa mwisho.
3. Tarehe. Blogu nyingi za zamani ziliachwa kwenye saa za Marekani, kwa hiyo posti ya tarehe 1 asubuhi inaweza kusoma mwezi uliopita. Linganisha posti chache na blogu ya zamani kabla ya kurekebisha zote.
4. Rasimu. Hakikisha kila rasimu ina mstari `draft: true`. Ulichokificha miaka kumi kisitoke leo kwa bahati mbaya.

Kagua pia majina na namba za simu za watu ulizowahi kuweka. Tangazo la mwaka 2011 lenye namba ya mtu halina sababu ya kuhama nawe, na sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

## Hatua ya 6: Leta picha nyumbani

Hapa ndipo bando linapokwenda, na ndipo wengi huishia njiani. Fanya kwa mpangilio huu:

1. Dai ukubwa wa asili. Ndani ya anwani ya picha ya Blogger kuna kipande kama `/s320/` au `/s1600/` kinachosema ukubwa. Kwenye posti zote, badilisha vipande hivyo viwe `/s0/`. Ukiacha `/s320/`, utapakua picha ndogo isiyofaa kuchapishwa.
2. Tengeneza orodha ya anwani. Kwenye Linux:

```
grep -rohE 'https?://[^")> ]+\.(jpg|jpeg|png|JPG)' content/posts | sort -u > picha.txt
```

3. Pakua. Herufi `-x` huweka kila picha kwenye folda inayofuata anwani yake, ili IMG_0001.jpg ya mwaka huu isifute IMG_0001.jpg ya mwaka jana:

```
wget -x -i picha.txt
```

4. Hifadhi asili. Nakili folda nzima kwenye flashi. Usiiguse tena.
5. Punguza nakala ya tovuti kwa ImageMagick:

```
find . -iname "*.jpg" -exec mogrify -resize "1200x1200>" -quality 75 {} +
```

6. Weka folda hizo ndani ya `static/picha`, kisha kwenye posti badilisha `https://` ya picha iwe `/picha/`. Kwa kuwa folda zinafuata anwani, kila picha itajikuta mahali pake.

Tahadhari: `mogrify` huandika juu ya faili ileile. Ukiiendesha kwenye nakala pekee uliyonayo, picha ya asili haitarudi. Kwenye Windows, njia ndefu za folda zinaweza kukataliwa. Hamishia kazi kwenye folda fupi kama `C:\b`, au, picha zikiwa chache, zihifadhi kwa mkono na kuzipa majina mafupi.

## Hatua ya 7: Linda anwani za zamani

Mtu aliyetuma kiungo cha posti yako kwenye kundi la WhatsApp miaka mitano iliyopita hatakutafuta upya. Posti iliyokuwa `/2010/01/mafuriko-kilosa.html` ibaki hapohapo. Juu ya posti weka:

```
url: "/2010/01/mafuriko-kilosa.html"
```

Kwa blogu ya Blogger usiikisie anwani kutoka kwenye kichwa. Blogger hukata vichwa virefu na kuondoa alama, hivyo "Ng'ombe" huwa `ngombe`. Nakili anwani halisi kutoka kwenye blogu, ukianza na zile 20 za hatua ya 2.

Kisha jaribu kila kitu bila intaneti:

```
hugo server
```

Fungua `http://localhost:1313` kwenye kivinjari na ubofye kama msomaji.

## Hatua ya 8: Chagua pa kuiweka

| Mahali | Gharama | Unachosimamia | Kikomo cha kukumbuka |
|---|---|---|---|
| GitHub Pages | Bure kwa hazina (repository) ya wazi | Faili na jina | Tovuti isizidi GB 1 |
| Cloudflare Pages | Bure | Faili na jina | Faili 20,000. Kila moja isizidi MiB 25 |
| Seva yako ya kukodi | Malipo ya kila mwezi | Kila kitu, pamoja na usalama | Usipolipa, inazimwa |

Kwa anayeanza, GitHub Pages inatosha. Ndani ya folda ya `static` weka faili tupu iitwayo `.nojekyll` na nyingine iitwayo `CNAME` yenye jina la tovuti yako tu. Unda hazina, uiunganishe na folda ya `public`, kisha kila ukiwa na posti mpya:

```
hugo
cd public
git add .
git commit -m "posti mpya"
git push
```

Kama blogu yako iko Blogger, soma kwanza hatua ya 9. Kisha, kwenye mipangilio ya jina la kikoa, elekeza `www` kwa rekodi ya CNAME kwenda `jinalako.github.io`. Siku moja kabla, punguza muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi (TTL) uwe sekunde 300, ili ukikosea marekebisho yafike haraka. Tovuti ikifunguka, washa HTTPS kwenye mipangilio. Cheti cha usalama ni bure.

Ukitaka seva yako kabisa, Caddy kwenye Ubuntu hujitafutia cheti yenyewe kwa mistari hii:

```
www.jinalako.me.tz {
    root * /var/www/blogu
    file_server
}
```

Kisha tuma mabadiliko pekee, ukiokoa bando:

```
rsync -avz --delete public/ mimi@seva:/var/www/blogu/
```

Tahadhari: `--delete` hufuta kwenye seva kila kisichokuwemo kwenye folda yako. Ukiendesha folda ikiwa tupu, tovuti inakuwa tupu. Na seva ni mali ya kulinda: isasishe na uingie kwa ufunguo wa SSH badala ya nywila. Kama huna muda huo kila mwezi, baki na safu mbili za juu za jedwali.

## Hatua ya 9: Usiizime blogu ya zamani

Blogger inaruhusu kuunganisha jina lako la kikoa na blogu ya bure. Fanya hivyo kabla ya kuelekeza jina kwenye tovuti mpya: anwani za Blogspot zitaanza kuwapeleka wasomaji kwenye jina lako, posti kwa posti. Baadaye ukielekeza jina kwenye tovuti tuli, msomaji atafika kwenye posti ileile kwa sababu ulilinda anwani. Wakati mwingine Blogger humwonyesha kwanza ukurasa wa tahadhari; hilo ni la kawaida.

Ikiwa njia hiyo haikufai, weka posti ya mwisho yenye anwani mpya na uiache blogu wazi. Ingia kwenye akaunti hiyo angalau mara moja kwa mwaka.

> SHERIA HAIHAMI
> Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, wakati leseni ya blogu iligharimu shilingi milioni 1 pamoja na ada ya maombi. Zikafuatiwa na kanuni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Kuweka faili kwenye seva ya nje hakukuondolei wajibu ukiwa Tanzania. Kama blogu yako inatoa habari na matukio, ulizia TCRA masharti ya sasa kabla ya kuzindua. Kama ni mashairi na kumbukumbu zako, uliza pia, upate jibu kwa maandishi.

## Makosa ya kuepuka

- Kuanza na rangi. Watu hutumia wiki kuchagua mwonekano, posti zikiwa bado Blogspot. Maandishi kwanza, picha pili, rangi mwisho.
- Kuhamisha kila kitu. Posti iliyonakiliwa kutoka gazetini si yako. Iache.
- Kuhariri faili ndani ya `public`. Hugo itaandika juu yake. Hariri `content` tu.
- Nakala moja. Laptopu ikiungua umeme unaporudi kwa nguvu, tovuti iliyoko mtandaoni haitakurudishia rasimu wala picha za asili.
- Siri ya mtu mmoja. Ndugu mmoja unayemwamini ajue nywila za jina la kikoa na barua pepe zimehifadhiwa wapi.

## Orodha ya kukagua kabla ya kutangaza

☐ Nakala ya blogu ya zamani iko kwenye flashi mbili
☐ Picha za asili zimehifadhiwa kando
☐ Jina la kikoa limesajiliwa kwa barua pepe na namba yangu
☐ Idadi ya posti mpya inalingana na ya zamani, ukiondoa nilizoziacha kwa makusudi
☐ Anwani 20 za posti zinazosomwa sana zinafunguka
☐ Mashairi yana mistari yake
☐ Hakuna rasimu wala namba ya simu ya mtu iliyotoka
☐ Tovuti inafunguka kwa HTTPS kwenye simu, kwa laini mbili tofauti
☐ Tarehe ya kulipia jina iko kwenye kalenda
☐ Ndugu mmoja anajua nywila ziko wapi

Blogu ya posti mia moja inaweza kuhamishwa kwa jioni chache. Yenye posti elfu, igawe kwa miaka, ukianza na mwaka wenye picha nyingi. Kazi ya leo ni hatua ya 1 peke yake: toa nakala, iweke kwenye flashi, kisha uifungue uhakikishe posti zako zimo.